Kovu la Irakoze

Siku ya tatu ya kumtafuta mwanawe, Epifania aliletewa habari ya ajabu.

"Mama, Irakoze yuko hewani sasa hivi. Yuko sokoni."

"Soko gani? La hapa Kasulu?"

"La kwenye simu."

Aliyesema hivyo ni Kuruthumu, rafiki wa Irakoze. Epifania nusura amzabe kofi. Polisi alishaenda. Hospitali alishaenda. Kwa shangazi wa binti kule Titye, hawajamwona. Halafu huyu analeta michezo!

Irakoze, miaka kumi na minane, aliondoka Alhamisi baada ya kugombana na mama yake. Ugomvi wenyewe? Gauni la harusi ya binamu. Alilitaka lisilo na mikono.

Epifania, fundi cherehani, akagoma kulishona. Tangu mtoto aungue na mawese akiwa na miaka sita, alimshonea mikono mirefu na kola ya kugusa kidevu. Liwake jua, inyeshe mvua.

Kuruthumu akamwonyesha simu. Watu wa kuchorwa walikuwa wanapishana, kila mmoja na pamba zake kali.

"Hizi ni avata, mama. Mwili wako wa humu ndani. Unachagua umbo, ngozi, halafu nguo. Ila kila nguo ina mwili wake. Ukiivalisha mwili mwingine, ngozi inatokeza juu ya kitambaa."

"Kama kushona kwa vipimo vya jirani."

"Enhee! Sasa Irakoze kafungua akaunti mpya, jina silijui. Ila gauni alilobuni yeye linagawiwa humu muda huu."

"Tafuta mwenye ngozi laini. Lazima kajipa mwili asio nao."

Wakatafuta weee. Warembo kibao, laini kama yai. Hakuna. Epifania akaanza kulia.

Ndipo akamwona mmoja, mikono wazi. Kuanzia begani hadi shingoni, ngozi imekunjamana, nyeusi.

"Huyo achana naye," Kuruthumu akasema. "Nguo imemkataa, imemharibia ngozi."

"Mana yanje, Mungu wangu! Hajaharibika huyo! Kidonda hicho nilikisafisha miezi mitatu kwa mkono wangu. Andika kwa kilugha chetu: mwana wanje."

Avata ikasimama ghafla. Maneno yakatokea: "Mama?"

"Mwambie arudi nyumbani."

"Nirudi kuvaa nini?"

Epifania akasema, "Andika: yale mafuta hukuyavuta wewe."

Kuruthumu akamgeukia. Mtaa mzima ulijua mtoto alivuta sufuria mwenyewe. Hata Irakoze alijua hivyo, miaka kumi na miwili.

"Andika, nimesema! Niliyamwaga mimi. Nilimrushia baba yako sufuria kwa hasira, ikakupata wewe. Kila nikiliona kovu, najiona mimi. Ndiyo maana nililifunika."

Avata ikatoweka.

Asubuhi ujumbe mmoja ukaingia kwa Kuruthumu: "Niko Kibondo. Aje stendi. Peke yake."

Epifania akadandia basi la kwanza. Akamkuta binti yake kavaa singlendi, mbele ya abiria wote. Akafungua mikono amkumbatie. Irakoze akarudi nyuma hatua moja.

"Sema tena. Kwa mdomo wako."

Akasema. Yote. Wauza karanga wakasogea kusikiliza.

"Asante," Irakoze akajibu. "Sasa rudi Kasulu, mama. Mimi bado."

Akaondoka, hakugeuka. Mpaka leo ninapoandika hapa, hajarudi.

Mzazi mwenzangu, kabla hujamfunika mtoto, jiulize aibu unayoificha ni ya nani.