Kidole Kwenye Koili

Mwaka ule nilivaa shati la mikono mirefu mwezi wa kumi, Dodoma, jua likichoma mpaka mbwa wanagombania kivuli cha nguzo ya umeme. Watu walinicheka. Nikawaambia vumbi linanidhuru ngozi. Uongo mtupu. Chini kidogo ya kiwiko cha kulia nilikuwa na baka jeupejeupe, ukubwa wa kifuniko cha soda, na nilipolichoma kwa sindano sikusikia kitu. Kidole cha mwisho cha mkono uleule, pamoja na jirani yake, vilikuwa na ganzi tangu wakati wa mvua. Mimi ni fundi wa redio na mafeni, mikono ndiyo shamba langu. Niliogopa, na nilijua vizuri sana ninachokiogopa.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa anakaa Bahi, pembeni ya majaruba ya mpunga. Sisi wajukuu tulimwona bingwa. Alikuwa anaipua chungu cha mlenda kwa mikono mitupu, bila kitambaa, bila hata jani, huku anaendelea na hadithi zake. Tunampigia makofi: "Bibi haungui! Bibi haungui!" Naye anacheka. Baadaye vidole vikaanza kupungua, na neno ukoma likaingia nyumbani. Wajomba wakamjengea kibanda mwisho wa boma. Kikombe chake kikatundikwa kwenye msumari wa peke yake, na sisi tukakatazwa kukigusa. Hakuna aliyempiga, hakuna aliyemtukana. Walimwogopa tu, na alifia mlemle kibandani akiita majina yetu moja moja. Basi, nilichokuwa nakiogopa mimi ni ule msumari. Nilishaanza kuuona ukutani kwangu.

Siku moja mama mmoja wa Kondoa, mwenye mgahawa pale Majengo, akanipigia simu. Ni mteja wangu wa siku nyingi, na mdomo wake hauna breki.

"Fundi, njoo uone hili dude langu. Linagonga kama mtu anatwanga, wateja hawasikii hata taarifa ya habari."

Dude lenyewe alilinunua kwa mzungu aliyekuwa anahama mji, aliyeuza kila kitu mpaka mapazia. Wenyewe wanaliita pinboli. Ni meza iliyoinama, imefunikwa kioo. Unarusha gololi ya chuma, inazunguka ikigonga huku na huku, taa zinawaka. Katikati kuna vibao vitatu vya plastiki vimesimama mstari mmoja. Gololi ikikigonga kibao, kinazama. Vikizama vyote vitatu, koili ya waya iliyo chini ya meza inavuta chuma na kuvisimamisha tena kwa pamoja. Sasa ugonjwa ulikuwa hapa: kibao cha kati hakikai. Kikiinuliwa kinaanguka, na mashine kwa ubishi wake inakiinua tena, tak, tak, tak, bila kuchoka.

Nikatoa kioo, nikainua meza, nikachungulia. Nilichokiona kilinipandisha hasira.

"Mama, nani kagusa huku?"

"Kagusa nini? Nilitia mafuta kidogo tu."

"Mafuta gani?"

"Ya alizeti. Kwani mafuta si mafuta?"

Nikashika kichwa. Mafuta ya alizeti, na vumbi letu hili! Yalikuwa yamegeuka ulimbo wa kunasia ndege. "Mama, hii mashine, siyo chapati."

"Na wewe na hilo shati la baridi kwenye jua hili, nani mwenye akili hapa?"

Nikacheka naye, huku navuta mkono wa shati ufike kwenye kiganja.

Niliiacha ipige kwa muda mrefu ili nione inaposhindwa. Kila kibao kina ukingo mdogo kwa nyuma, ambao ndio unaokifanya kisimame, na springi nyembamba inayokivuta mpaka kikalie ukingo huo. Vibao vya pembeni vilikuwa vinakalia. Cha kati kilipanda, kikayumba, kikashuka. Nikazima umeme, maana sitaki kufa kijinga, nikafuta ule ulimbo kwa kitambaa, nikakisukuma kibao kwa mkono. Bado. Basi springi imechomoka. Na springi ile huioni, iko nyuma ya koili. Lazima uitafute kwa vidole.

Nikaingiza mkono wa kulia. Nikaipata kwa kidole gumba na cha shahada, nikaivuta kwenye ndoano yake, ikaniponyoka. Nikairudia, ikaniponyoka tena. Nikaitukana springi. Nikayatukana mafuta ya alizeti. Lakini moyoni nilijua springi haina kosa. Mkono mzima ulikuwa umekaa vibaya kwa sababu nusu yake haikunipa taarifa yoyote. Jasho likanitoka, na halikuwa la joto.

Hapo ndipo mama akapaza sauti kuelekea jikoni. "Wewe! Unaunguza nyama!"

Mpishi akajibu kutoka ndani, "Nyama bado haijaingia motoni, mama."

"Basi ninachonusa mimi nini, marashi?"

Nami niliinusa. Nikafikiri ni mtaa wa pili. Mama akaja, akainama kando yangu, akanyoosha kidole kwenye koili. "Hiki ndicho kilichokuwa kinagonga?" Akaigusa, bado ina moto wa kule kugonga. "Yalaa!" Akaruka nyuma, anapuliza kidole, anakitia mdomoni. Kisha akautazama mkono wangu. Kidole changu cha mwisho na jirani yake vilikuwa vimeilalia koili ileile, vimetulia kabisa.

"Jamani, fundi! Huungui?"

Nikauchomoa mkono. Ngozi nyingine ilibaki kule. Palikuwa pamebabuka, pekundu na peupe, na sikusikia kitu. Haki ya Mungu, ningesikia maumivu ningelia kwa furaha.

"Mikono ya ufundi hii, mama," nikasema. "Imekomaa."

Akaamini, maskini. Akageukia jikoni akacheka, "Njoo umwone fundi wangu! Haungui huyu!" Mpishi akatoka na mwiko mkononi. Mteja mmoja akaacha wali wake akapiga makofi.

Sikumbuki nilivyomaliza kazi. Nakumbuka tu nilitumia mkono wa kushoto, springi ikaingia, kibao kikasimama na hakikuanguka tena. Mama akacheza gololi ya kwanza yeye mwenyewe, akashangilia. Kisha akaniletea chai kwenye kikombe cha udongo, kama siku zote. Nikakitazama kile kikombe. Nikaona midomo ya watu wote watakaokunywa baada yangu.

"Sinywi leo, mama."

"Wewe? Tangu lini ukaikataa chai yangu?" Kicheko kikamwisha. Akanitazama usoni, kisha mkononi, kisha kwenye lile shati. Akasema taratibu, "Fundi, nenda hospitali. Leo hii. Usipitie nyumbani."

Nikapanda bodaboda. Nesi alikuwa binti mdogo, angeweza kuwa mwanangu wa mwisho. Akaniamkia, "Shikamoo baba," akanikunjia mkono wa shati bila kuuliza, akaliona baka. Hakurudi nyuma. Aliniambia hata kama ni ukoma, dawa ipo na ni ya bure. Nikianza kuimeza sitamwambukiza mtu. Nikamuuliza kuhusu vikombe. Akasema kikombe hakiambukizi ukoma, baba, kunywa na watu wako.

Kwa hiyo msumari wa bibi ulikuwa wa bure. Miaka yote ile kule kibandani, bure kabisa.

"Sasa funga macho," akasema nesi. "Nitakugusa mkononi kwa ncha ya kalamu. Kila ukisikia, sema ndiyo."

Nikafunga. Nikaukaza mwili mzima usikilize. Nje mtu alikuwa anawasha pikipiki, ikakataa, ikakubali, ikaondoka. Nikangoja. Labda anaandika kwanza, nikafikiri. Labda kalamu imemdondoka.

"Anza basi, mwanangu," nikasema.

Kalamu ikawekwa mezani.

"Nimeshamaliza, baba."