Kamba Hushikwa na Shemeji

Tharsisi Ntirampeba ana miaka hamsini na minne na hajawahi kukosea. Ukimuuliza atakuambia mwenyewe. Hapa Kagerankanda wanamwita fundi wa jabali, kwa kuwa hushuka kwa kamba kwenye ukuta wa jiwe kuchukua asali ya nyuki waliojaza nyufa. Kazi hiyo alirithi kwa baba yake. Akili ya kuifanya hakurithi. Najua, maana nilikaa naye miaka ishirini na miwili.

Katika ukoo wao kuna sharti moja: kamba hushikwa na shemeji, kaka wa mke. Ndugu wa baba mmoja anaweza kukuachia uanguke ili abaki na shamba. Mtoto wako pia, usimwamini sana. Lakini kaka wa mke hataki dada yake awe mjane, aje na watoto kula kwake. Basi miaka yote hiyo kamba ilishikwa na kaka yangu Anania, juu ya jabali, nami nilikuwa chini nikichoma nyasi mbichi za moshi na kutazama mawingu. Mimi ndiye niliyekuwa nikisema leo twende, leo lala. Yeye akifika kijiweni anaanza, "Nilipoiangalia hali ya hewa alfajiri..." Aliiangalia lini? Alfajiri alikuwa amejifunika blanketi mpaka kichwani.

Mwaka juzi akapata msichana wa Buhigwe. Vyungu vyangu akavipanga nje kama vya mnadani, akamwita Bazilio, balozi wetu wa nyumba kumi, na majirani wote, akasema, "Huyu si mke wangu. Ni mtu wa kuja, nilimhifadhi tu. Arudi kwao Burundi." Mimi nimezaliwa hapa hapa Kasulu. Waliovuka ni wazazi wangu, mwaka sabini na mbili, na cheti cha uraia ninacho, kimefungwa kwenye mfuko wa nailoni. Nikahamia kwa Anania. Nyumba yake sikuitaka, wala sufuria. Nilitaka neno lile alimeze mbele ya watu wale wale aliowaita walisikie.

Sasa oneni akili ya mwanamume. Alipokuwa akichumbia, aliangalia shingo ya msichana, akaangalia kiuno, akasahau kuuliza ana kaka wangapi. Kwao wamezaliwa wasichana sita. Wa kiume hakuna hata mmoja. Fundi wa jabali akabaki na kamba isiyo na mshikaji.

Msimu wa kwanza alisema mgongo unamuuma. Msimu huu Nurudini, mfanyabiashara wa Kasulu mjini, akataka ndoo za asali ya jabali kabla ya mwezi wa sita, na Tharsisi akakubali kwa sauti kubwa, watu wakisikia. Hapo akawa amejifunga kupanda jabali mwishoni mwa Mei, wakati mbaya kuliko wote. Mvua imeshaaga lakini bado imesimama mlangoni. Asubuhi ukungu, mchana jua, alasiri upepo wa baridi unaokata masikio. Na jiwe likilowa huteleza kama sabuni.

Akapanga. Alichora siku ukutani kwa mkaa. Akasikiliza redio. Akamfanya Nurudini amsomee hali ya hewa kwenye simu, na simu ikasoma hali ya Kasulu mjini, si ya jabali letu. Jumatatu ilisema jua. Ukungu ukashuka mpaka tukawa tunawaita mbuzi kwa majina uani. Jumatano yeye na Nurudini wakafika nusu ya njia, manyunyu yakawarudisha. Ijumaa upepo ulimng'oa kofia kichwani na hajaipata hadi leo. Kila akirudi alisema, "Nilikuwa nalipima jabali tu."

Ijumaa hiyo hiyo, jioni, akaja kwa Anania na jogoo kwapani. Mimi nilikuwa jikoni, nasikia kila kitu.

"Ndugu yangu Anania," alisema, "mambo ya wanawake tusiyaingize kwenye kazi."

Alipoondoka nikatoka. "Amekuitaje?"

"Ameniita ndugu."

"Ndugu ndiye anayeachia kamba. Umesahau sharti lao?"

"Dada, akienda na mtu asiyejua atakufa."

"Kwa hiyo mfe wawili?"

Akaenda kumfunga jogoo mguu. Kaka yangu ana moyo laini, ndiyo maana watu humletea jogoo.

Jumamosi kukapambazuka kweupe. Hakuna ukungu, hakuna upepo, kila mtu akaanika maharage uani. Mimi nikatazama upande wa Burundi. Milima ilikuwa karibu mno, ungeweza kuhesabu migomba. Milima ikijisogeza hivyo, mvua haivuki saa saba. Nilianza na mambo yangu, kisha nikashika njia ya jabali, kwa sababu juu ya jiwe lile nilikuwa na kaka mmoja tu.

Niliwakuta wote: Tharsisi amejifunga kamba kiunoni, Anania ameshika, Nurudini na ndoo zake, balozi Bazilio ambaye hapitwi na jambo, na majirani waliokuja kutazama. Chini, yule mke mpya alikuwa anachoma nyasi kavu. Nyasi kavu! Zinatoa moto, nyuki wanaota tu.

"Mama Nduwayezu!" Tharsisi akapaza sauti. Nduwayezu ni mwanetu, yuko Kibondo anatengeneza pikipiki. "Umekuja kuchoma moshi? Nafasi imejaa."

"Nimekuja kumchukua kaka yangu. Tazama kule."

"Naona. Kwenu kunapendeza leo."

Wakacheka. Nurudini akainua simu. "Mama, hapa inasema jua mpaka jioni."

"Basi ishuke yenyewe ikalete asali."

Nikamgeukia Bazilio. "Balozi, siku ile ulikuwepo. Alisema mimi ni nani kwake?"

Bazilio akakohoa. "Alisema... si mke."

"Kama mimi si mke, huyu si shemeji wa mtu. Anania, weka kamba chini."

Anania akaiweka. Tharsisi angeweza kusema neno moja tu na mambo yakaisha. Badala yake akafunga kamba kwenye mti.

"Mti hauna dada wa kunisumbua," akasema, akashuka.

Haikufika saa sita. Wingu lilitoka nyuma ya jabali, upande ambao hakuna aliyekuwa akiutazama, na mvua ikaja yote kwa pamoja. Moto wa mke mpya ukazimika, naye akakimbilia nyumbani. Tharsisi alikuwa amesimama kwenye ukingo mdogo kama kigoda, jiwe linateleza, kupanda hawezi, na nyuki wamerudi kwao wamelowa, wana hasira.

"Vuteni!" akalia kutoka chini.

Mkono wa Anania ukaenda kwenye kamba. Nikaushika.

"Anania! Anania we!"

"Dada, niache."

"Ngoja aite vizuri."

"Ndugu yangu!"

"Bado."

Kisha nyuki wakafika usoni, nadhani, kwa sababu sauti ilibadilika ikawa ya mtoto.

"Shemeji! Shemeji wangu, nakufa!"

"Balozi, umesikia?"

"Nimesikia, mama."

"Nurudini?"

"Wallahi nimesikia. Mvuteni basi!"

Nikauachia mkono wa Anania. Na mimi mwenyewe nikashika nyuma yake, visigino nimevikita kwenye ufa, maana jiwe lilikuwa limelowa. Tharsisi akatokea juu, uso umevimba kama andazi, macho hayaonekani, ndoo ameiacha kwa nyuki. Hakuna aliyecheka isipokuwa mimi.

Sasa huko kijiweni anasimulia kwamba mvua ile aliitabiri. Amemtuma Bazilio mara mbili aniambie mlango uko wazi. Nimejibu kwamba mlango usifungwe, upepo unafaa kwa afya yake. Kuhusu kamba nimemwambia Anania: akija mwezi wa sita, nenda ukashike, lakini aanze kukuita shemeji akiwa kijiweni, kwa sauti ile ile ya Jumamosi.

Na maharage ya watu wote waliocheka jabalini yalilowa uani, mengine yakaota. Yangu nilikuwa nimeyaingiza ndani kabla sijapanda jabali.