Raba za Mke Wangu na Nyumba ya Mlimani

Leo nimepangua mpango wangu mwenyewe mbele ya familia yote.

Jumamosi tunakwenda kuitazama ile nyumba ya zamani ya Wajerumani, kule mlimani, juu ya mtaa wa Bigwa. Kuta zake za mawe na bustani yake ya waridi zinapendeza mno.

Nilitangaza kwamba mke wangu atabaki nyumbani, kwa sababu ya magoti.

Mjukuu wetu Neema akanitania: "Mume wangu, mke mwenzangu asipokwenda, hayo maua utayatazama peke yako."

Mke wangu akaleta raba zake, zimejaa udongo mwekundu.

Kumbe tangu nilipoitaja safari, kila akitoka misa ya asubuhi hupanda mlima kidogo, akiyazoesha magoti.

Jumamosi atatangulia yeye.

Wenzangu, mmevitazama viatu vya wake zenu?