Matumbo ya Sangara Yaliyookoa Bustani ya Bweri

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mtaa mmoja wa Bweri, Musoma. Getruda Masatu amesimama ndani ya shimo linalomfika kiunoni, koleo mkononi, kitenge kakifunga kibwebwe. Anachota udongo mweusi, anaunusa, anacheka peke yake.

"Nusa na wewe, mwandishi. Unasikia samaki? Husikii! Hiyo ndiyo kazi yenyewe."

Ndani ya udongo huo yamo matumbo ya sangara, yaliyoozeshwa miezi minne pamoja na gugumaji lililotolewa ziwani na kukaushwa juani. Matumbo hayohayo ndiyo yaliyowahi kumwaibisha mama huyu mbele ya mtaa mzima.

Leo kamati ya mtaa inakuja kuhesabu miti. Ikikuta mia moja iliyo hai, bustani hii ya matunda itabaki ya wananchi kwa miaka kumi. Ukipungua hata mmoja, ekari moja na nusu inakatwa viwanja.

Getruda, ambaye majirani humwita Mama Paschal, ni mjane mwenye miaka 56; hupasua samaki mwaloni, mitumbwi inakoshushia samaki. Siku ikiwa nzuri hupata shilingi elfu sita. Bustanini halipwi hata senti, wala wenzake kumi na wanane. Hukutana kila Jumamosi, na sharti lao ni moja: hakuna kuingia mikono mitupu. Usipokuja na ndoo ya maji, uje na gunia la gugumaji.

Miaka mitatu iliyopita walipanda miche 140, na Getruda akawaagiza wafukie matumbo mabichi chini ya kila mche.

"Kwetu tulikuwaga tunafukia vichwa vya samaki kwenye mgomba mmoja nyuma ya jiko, ndizi zinakuja hizo! Nikasema, kumbe mbolea tunaitupaga bure."

Lakini mgomba wa nyuma ya jiko una watu wa kuulinda. Hapa walikuja kenge kutoka ziwani, na mbwa wakafuata, wakafukua matumbo usiku. Jumapili, watu wakielekea kanisani, walikuta miche imelala chini. Ilisalia kumi na mmoja.

"Nililia, siyo kidogo. Watu wamebeba miche kutoka Bunda kwa bodaboda, halafu mimi mwenyewe nawaitia kenge!"

Mwenyekiti wa mtaa, Clementi Machibya, akambandika jina: Mama Matumbo. Likafika hadi sokoni. Getruda akajifungia ndani wiki mbili, na wengi wakaacha kuja.

Aliyemtoa ni jirani yake Wankyo, mkulima wa pamba aliyeolewa Bweri akitokea Bunda. Alisimama mlangoni na jembe begani.

"Nilimwambia, Mama Paschal, matumbo hayana kosa, kosa ni haraka," anakumbuka Wankyo. "Sisi samadi mbichi hatuwekagi kwenye pamba, inaunguza. Tuyaozeshe kwanza."

Wakachimba shimo, wakalifunika kwa mabati na mawe. Wakapanda upya.

Saa tatu kamati inafika. Mwenyekiti anahesabu kwa sauti, akigusa kila mti: mipapai, michungwa, miparachichi. Kwenye tisini na tisa anasimama. Mchungwa ulio mbele yake umepukutisha majani yote.

"Huu umekufa," anasema.

"Haujafa," anajibu Getruda. Anapiga magoti, anakwaruza gome kwa ukucha. Chini yake ni kijani kibichi. Mwenyekiti anainama, anakwaruza mwenyewe, anakohoa kidogo.

"Mia moja."

Vigelegele vinazima sauti yake, lakini anaendelea hadi 127. Wankyo anamnyanyua Getruda juujuu, naye analia tena, safari hii mbele ya watu wote na bila haya.

Sasa anataka kuanzisha kitalu cha miche mia tano. Wanawake wa Mwitongo, kule Butiama, wameshaomba miche na shimo la kwao.

"Nitaenda kuwachimbia mimi mwenyewe. Na nitawaambia habari ya kenge, nisiwafiche," anasema.

Kamati inaondoka, mwenyekiti anabaki nyuma. Anazungukazunguka shimo, anachukua udongo kiganjani, ananusa.

"Mama Paschal," anasema taratibu, "nina mipapai yangu pale nyumbani, imedumaa. Siwezi kupata hata ndoo moja ya hii?"

Getruda anapangusa mikono kwenye kitenge, anamtazama kwa utulivu wote.

"Utapata, Mwenyekiti. Jumamosi, saa kumi na mbili na nusu. Ila usije mikono mitupu."