Mawe ya Babu Chini ya Lami

Watu husema Mzungu ndiye aliyechora barabara ya Namanga. Mzungu alifuata njia ya ng'ombe wetu, basi.

Babu, baba yake mama, alizikwa kando ya njia hiyo, kati ya Kitengela na Kajiado. Kwetu Wamaasai, ukipita kaburi la mtu wa heshima unaongeza jiwe. Tuliongeza. Wachungaji waliongeza, hata Wasomali waliokuja kununua mbuzi waliongeza bila kujua jina lake. Rundo likanipita kimo.

Barabara ilipopanuliwa, mwanakandarasi aliona mawe mazuri yamerundikwa palepale anapoyahitaji. Akayasaga kokoto, akalisawazisha na kaburi lenyewe. Tulipolalamika, tuliambiwa kaburi halikuwa na alama yoyote. Rundo refu kuliko mimi, na halikuwa alama.

Juzi nilikuwa nampeleka mama kliniki Kajiado. Tulipofika pale gari halikutikisika hata kidogo, nami kwa kukosa la kusema nikasema, "Yeyo, angalau hapa barabara ni nzuri."

Hakunitazama.

"Itakosaje kuwa nzuri," akasema, "na hayo mawe tuliyabeba sisi?"