Walimgeuza Bibi Yangu Kuwa Babu

Admin, jina langu lifiche, ingawa waliosoma kitabu watanijua kabla sijafika mbali, na sina tena nguvu ya kujali. Nina miaka thelathini na nne, ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Musoma, nimepanga Kitaji, sijaolewa. Mwaka huu riwaya yangu ya kwanza imetoka, na mwaka huu huu nimepoteza nyumbani kwetu.

Mnaofuatilia vitabu mnajua mwaka ulivyokuwa. Watu walianza kununua riwaya tena, magrupu ya WhatsApp ya wasomaji yakajaa, redio zikaanzisha vipindi vya kusoma vitabu, kila mwenye simu akawa mhakiki. Na katikati ya kelele zote hizo alikuwepo Babu, mhusika wa kitabu changu, yule aliyeuza dagaa mpaka akapata ng'ombe wa mahari. Mmemjadili, mmemlilia, wengine mmeweka maneno yake kwenye status.

Babu hayupo na hajawahi kuwepo. Niliyemwandika ni Bibi.

Kwetu upande wa Butiama kuna kitu kinaitwa nyumba ntobhu. Mwanamke ambaye hakujaliwa mtoto wa kiume, akiwa na ng'ombe wake, anaoa mwanamke mwenzake ili amzalie watoto wa kuendeleza boma. Hakuna hayo mnayoyafikiria. Mke ana nyumba yake, na mwanaume wa kuzaa naye anachagua. Bibi alifiwa na mume akiwa na mabinti watupu. Akawa anachukua dagaa Kisorya anauza Bunda, miaka nenda miaka rudi, mpaka akapata ng'ombe, akamuoa mama yangu. Cheti changu cha kuzaliwa, mahali pa jina la baba, kina jina la Bibi. Ni yeye aliyenisomesha.

Sasa mhariri wangu kule Dar alipofika kwenye sentensi "Bibi alimuoa mama yangu", akaona nimekosea. Mwanamke haoi, anaolewa, hata mtoto wa darasa la tatu anajua. Akabadilisha Bibi kuwa Babu, kitabu kizima. Na Kiswahili chetu kikamsaidia, maana "alikuja" ni alikuja tu, awe mwanamke awe mwanaume. Ilitosha neno moja, na pale palipoandikwa amefiwa na mume akaweka mke. Sikuonyeshwa chochote kabla ya kuchapwa, nilikuja kuona siku nilipofungua boksi la vitabu vyangu, na nililia pale pale stendi nilipolipokelea.

Nikampigia. "Dada, tumekuokoa," akasema. "Tungeacha bibi anaoa msichana, watu wangesoma mambo mengine kabisa humo, na shule zisingekigusa." Nikamwambia huyo ni mtu, yupo hai, anakula ugali. Akasema watarekebisha toleo la pili, hili likiisha sokoni. Kabla sijajua nianzie wapi, kitabu kikapewa tuzo. Jaji mmoja akasema fasihi yetu ilikuwa inamsubiri mwanaume wa namna hiyo. Nikaandika ukweli Facebook. Wasomaji wakanijibu nisiwaharibie Babu wao, na mmoja akasema waandishi wa siku hizi wakishashinda wanatafuta kiki.

Nyumbani sikuwa nimesema, nilikuwa bado natafuta namna. Redio ikaniwahi, ikapanga kukisoma kitabu changu hewani. Ilikuwa Jumapili mchana baada ya misa, Bibi amevaa kitenge chake cha sikukuu, amesogezewa kiti karibu na redio, majirani wamejaa uani kwa sababu mama alikuwa ametangaza kijiji kizima. Msomaji akaanza, "Babu akatoa ng'ombe wake zizini." Majirani wakatazamana. Mmoja akacheka.

Bibi akaniuliza taratibu, "Huyo babu ni nani? Mimi wakati naoa nilikuwaga na mzee gani kwenye hili boma?"

Nikamweleza habari za mhariri. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kwa hiyo wameipenda kazi yangu, ila wamesema haiwezi kuwa ya mwanamke." Mama ndiye aliyewaka. "Na mimi niliolewa na nani? Kawaulize hao wa Dar, maana mimi najuaga niliolewa na huyu hapa."

Tangu siku ile watoto wa pale wakimwona Bibi wanamsalimia "Shikamoo Babu" wanakimbia. Hata watu wazima wakiwa kilabuni wanamtaja hivyo kwa utani. Ameacha kwenda kanisani. Anashinda ndani, anakula kidogo, miguu imevimba, na nikipiga simu anasema mwambieni nimelala.

Wiki ijayo kuna hafla ya kufunga mwaka wa vitabu, safari hii inafanyika hapa hapa Musoma, na mimi ndiye nimepangwa kusoma. Nilitaka kusimama niseme mbele ya watu wote kwamba Babu ni Bibi yangu. Nilipomwendea kumwomba ruhusa, alikataa. "Ukinitaja watakuja na kamera hapa waniulize kama nililalaga na mama yako. Niache nife hivi hivi." Mama naye amesema nikisimama pale nikamsoma huyo babu, nisimtafute tena. Nisipoenda, atasoma mtu mwingine, na Babu atapigiwa makofi vile vile.

Nimefikiria kila upande, sioni pa kutokea. Nyie mliompenda Babu, niambieni nifanye nini. Ila msiniambie nisubiri toleo la pili, maana Bibi hata Krismasi sina uhakika kama ataiona. Na tafadhali msinipe pole kwa kuniambia kitabu ni kizuri. Najua ni kizuri. Ndiyo maana hakuna anayemtaka Bibi.