Viazi vya Nyuzi vya Anyitike

Anyitike wa Mbugani ni mke wa Ipyana, yule anayevuka mpaka kufanya biashara Karonga. Nikipita Kyela hulala kwao, maana baba mkwe wake, mzee Eliya, tulikua pamoja Ngonga tukifukuza ndege kwenye mpunga. Mimi miguu yangu haikai mahali pamoja. Eliya yeye ni mtu wa kukaa, ndiyo maana safari hiyo nilishtuka kukuta begi lake limefungwa, liko mlangoni.

"Doreen anakuja Jumamosi kunichukua," akaniambia. Doreen ni binti yake, anaishi Mbeya mjini. "Hapa asubuhi hailiki tena, Hezroni."

Nilimwelewa. Mkewe, Rut, alifariki mvua zilizopita. Rut alitoka huko juu Tukuyu kwenye viazi, na kila asubuhi alimkwangulia mumewe viazi na kuvikaanga mpaka vinakuwa kama mkate mwembamba, mkavu nje, laini ndani. Tangu tumzike, Eliya anakunywa chai tupu.

Sasa, kwetu Wanyakyusa mke wa mwana na baba mkwe hawakutani uso kwa uso. Vijana wengi wameliacha jambo hilo. Eliya na Anyitike hawajaliacha. Mzee akitaka kukaribia jikoni hukohoa kutoka mbali, na mkwe anapinda nyuma ya migomba. Kwa hiyo chakula cha mzee hupelekwa na mtu mwingine, na safari hiyo mtu mwingine nilikuwa mimi.

Nilimkuta Anyitike jikoni anamenya viazi.

"Mugonile, tata," akanisalimia kama binti anavyomsalimia baba yake.

"Ndaga, mwanangu. Begi umeliona?"

"Nimeliona. Baba hahami. Akihama, Kyela nzima itasema nimemfukuza kwa njaa. Halafu nitabaki na nani wa kunikoholea?"

Alisema hivyo huku anatabasamu, lakini kisu hakikusimama.

Ipyana alikuwa amemletea kimashine kutoka Karonga, cha plastiki, kina meno upande mmoja na mkono wa kuzungusha upande wa pili. Muuzaji alisema ni cha matango. Anyitike akachomeka kiazi, akazungusha, nyuzi ndefu zikatoka zinajikunja kama maranda ya seremala. Nyuzi zile akazitia kwenye beseni la maji, kama tunavyofanya wote huku na ndizi mbichi zilizomenywa zisiwe nyeusi. Akazitoa zinachuruzika, moja kwa moja kwenye mafuta, akafunika na mfuniko.

Alipofunua, nyuzi zilikuwa zimelegea na kurojeka. Nikapeleka hivyo hivyo.

Eliya aliitazama sahani. "Huu ni uji uliokosa kikombe," akasema. Kisha akaona aibu kidogo. "Mwambie ndaga, nashukuru. Ana bidii."

Sahani ikarudi imejaa. Mwanamke mwingine angenuna. Anyitike alivibonyeza kwa kidole, akatikisa kichwa.

"Maji haya. Nimevipika kama ndizi. Kesho, tata, atakula."

Kesho yake ilikuwa Ijumaa. Alizungusha viazi, akakatakata nyuzi ziwe fupi, akazifunga kwenye kitambaa safi na kukikamua kwa mikono yote miwili mpaka maji yakatoka meupe kama ya kuoshea mchele. Akatia kitunguu na chumvi. Mafuta yalipopata moto akavitandaza vyembamba, akavikandamiza kwa mgongo wa mwiko. Mfuniko akauweka mbali kabisa.

Mimi nikanyoosha mkono nichungulie chini.

"Tata, acha. Wali wa Kyela ukishafunikwa, unaukoroga?"

"Siukorogi."

"Basi na hivi vinataka heshima hiyo hiyo."

Tukangoja. Kingo zikawa rangi ya kakao inayoanza kukauka, harufu ikajaa jikoni. Akafunika kikaango kwa sahani, akakipindua, akavirudisha upande wa pili. Havikukatika.

Eliya alimega pembeni, pakalia kwa ukavu. Akala mpaka nusu.

"Ameupata wapi mkono wa Rut?"

"Ni kimashine cha Karonga."

"Kimashine hakijui kukamua," akasema. "Rut alikamua kwa kilemba chake. Nilikuwa namgombeza kwa kukichafua."

Akamaliza. Nikataka kuchukua sahani, akaninyima. Akainuka mwenyewe, akakata uwanja kuelekea jikoni, akakohoa. Anyitike akapotea nyuma ya migomba. Mzee akaiweka sahani tupu kwenye jiwe la mlangoni, akageukia kwangu, akasema kwa sauti ya kufika hadi migombani:

"Hezroni, mpigie Doreen. Mwambie kesho akija apitie Tukuyu atuletee gunia la viazi. Hapa vitaliwa sana. Kisha aje anisalimie tu, arudi zake."

Nyuma ya migomba nikasikia mtu anakohoa, kikohozi chembamba cha mwanamke. Eliya akaitikia kwa chake, akaenda kufungua begi.